Anketeri asiyerudi mara ya pili anaandika nusu ya ukweli

Saa tatu ya asubuhi gari jeupe linasimama kando ya barabara. Vijana wanne wanashuka, wamevaa gile, kila mmoja na tableti mkononi. Shefu wa bloki anawapokea, anawaonyesha njia kati ya vibanda vya bashi. Kibanda cha kwanza wanakuta mzee amekaa kwenye jiwe la volkeno. Anajibu maswali yote. Cha pili mlango umefungwa kwa kamba. Jirani anasema mwenye nyumba ameenda Kituku kubeba mizigo, atarudi jioni. Kijana anabonyeza mahali palipoandikwa "hayupo", anapita. Cha tatu, mtoto wa miaka minane anamlinda mdogo wake. Mtoto haulizwi, na ni haki asiulizwe. Saa nane gari linarudi mjini.

Jioni mama anarudi na kilo yake ya unga. Majirani wanamwambia: "Walikuja kuuliza mambo ya chakula. Hawakukukuta." Kesho yake hawarudi. Wiki inayofuata hawarudi. Mwezi unapita, ripoti inatoka kwa Kifaransa, na ndani yake huyo mama hayumo.

Hilo limeonekana Mugunga, Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya, na leo linaendelea katika kartie za mji ambamo familia zimejibana kwa ndugu. Watu wengi wanalaumu maswali kuwa marefu, au tableti, au vijana wenyewe kwamba hawana adabu. Mara nyingi vijana wana adabu nzuri kabisa. Kosa liko pengine: anketi inapangwa kama safari ya siku moja, na mtu ambaye hakupatikana siku hiyo anahesabiwa kama hayupo duniani.

Kwanza jambo moja liwekwe wazi, kwa sababu linachanganya familia nyingi. Anketi si liste ya msaada. Kwenye liste kila familia inaandikwa, na kila moja inapata jetoni au haipati. Kwenye anketi wanachaguliwa watu wachache, labda familia 100 kati ya 3.000, ili majibu yao yasimame badala ya wote. Kukosa kuulizwa hakumwondoi mtu kwenye liste. Lakini hasara ipo, na ni ya wote kwa pamoja: wale wanaogawa pesa na chakula wanasoma majibu ya hao wachache, kisha wanaamua eneo lipi lina shida kubwa na lipi lingoje. Na nchi hii haijafanya sensa ya watu wote tangu 1984. Palipo na sensa, anketi ni nyongeza. Hapa mara nyingi ndiyo hesabu yenyewe.

Sasa tuchukue mfano wa kufikiri tu, wenye hesabu nyepesi. Familia 100 zimechaguliwa. Siku ile moja, 60 zimepatikana, na 24 kati yao zinasema zinakula mara moja kwa siku. Hiyo ni asilimia 40. Ripoti itaandika asilimia 40. Familia 40 hazikupatikana. Tuseme shirika linarudi jioni, si kwa zote 40, bali kwa 10 tu zilizochaguliwa kwa kura, na 8 kati ya hizo 10 zinasema zinakula mara moja. Basi katika zile 40 zilizokosekana, karibu 32 ziko katika hali hiyo. Jumlisha 24 na 32: ni 56 kwa 100. Tofauti ya 40 na 56 kwenye karatasi inaonekana ndogo. Kwenye sufuria ni kubwa.

Inaweza pia kwenda kinyume. Pengine waliokosekana ndio wenye kazi, na hali yao ni afadhali kidogo kuliko ya mzee anayekaa kwenye jiwe. Hakuna anayeweza kujua akiwa ofisini. Ndiyo maana ya kurudi.

Lakini Goma, mtu akiangalia nani anakosekana nyumbani mchana, mashaka yanapungua. Ni mama anayebeba mizigo Kituku au Birere. Ni kijana anayesukuma chukudu ya mtu mwingine. Ni msichana anayetembeza sabuni na ndizi kichwani. Na zaidi ya wote ni wanawake waliokwenda kutafuta kuni upande wa mbuga ya Virunga. Kila mtu aliyeishi katika kambi hizo anajua yanayowapata wanawake njiani kwenye kuni. Madaktari wanaowatibu wamelisema hilo waziwazi kwa miaka. Sasa anketi ya usalama wa wanawake inapofanywa saa nne ya asubuhi, inawauliza nani? Inawauliza wale waliobaki. Wale waliokwenda kwenye kuni, ambao swali lenyewe linawahusu, wanaandikwa "hayupo". Hapo si suala la kukosa namba chache. Anketi imekosa kitu chenyewe ilichokuja kutafuta.

Tatizo hili halikuanzia Kivu. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za kura ya maoni kwa posta kwa watu karibu milioni 10. Zaidi ya milioni 2 walirudisha. Kwa wingi huo gazeti lilitangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Karatasi nyingi hazikusaidia, kwa sababu orodha ya majina ilielekea kwa wenye simu na magari, na tena waliojitolea kujibu hawakufanana na walionyamaza. Shirika linapojisifu kwamba limeuliza watu elfu kadhaa, swali la kwanza la mwandishi wa habari lingepaswa kuwa: mlitafuta wangapi, na wangapi mliwakosa?

Miaka kumi baadaye, 1946, wataalamu wawili wa ofisi ya sensa ya Marekani, Hansen na Hurwitz, walionyesha njia ya kutoka. Peleka maswali kwa posta, kwa kuwa posta ni bei nafuu. Kisha kati ya wasiojibu, chagua wachache kwa bahati nasibu na uwaendee kwa miguu mpaka uwapate. Majibu ya hao wachache yatapewa uzito wa wote walionyamaza. Ndiyo ile hesabu ya familia 10 hapo juu. Baadaye Don Dillman, profesa wa Marekani, katika kitabu chake cha 1978 alipanga kurudi huko kama ratiba: wiki moja baada ya barua ya kwanza, kadi fupi ya kushukuru na kukumbusha; wiki ya tatu, barua nyingine pamoja na fomu mpya, maana ya kwanza huenda imepotea; wiki ya saba, barua ya rejesta. Barua ya mwisho haikufanana na ya kwanza, na kila moja ilimweleza mtu kwa nini jibu lake yeye linahitajika na la jirani halitoshi.

Huku kwetu postieri hapiti mlango kwa mlango. Posta ni sanduku, na wenye sanduku ni ofisi, parokia na wafanyabiashara wachache. Kibanda cha bashi hakina namba. Lakini wazo la Dillman halikuwa bahasha. Lilikuwa kumjulisha mtu kabla, kumfuata baada, kubadili njia ya kumfikia, na kumheshimu. Yote hayo Goma ina njia zake. Tangazo la redio saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi linawafikia watu kabla hawajatoka. Shefu wa nyumba kumi anajua nani anarudi saa ngapi. Simu ipo. Mapadri na wachungaji wana dakika za matangazo siku ya Mungu. Kinachokosekana ni siku ya pili kwenye bajeti.

Na mfano wa nyumbani upo. Miaka ya 2013 na 2014, Shirika la chakula ulimwenguni, PAM, lilianza kuwauliza wakimbizi wa ndani wa kambi ya Mugunga 3 kwa simu kuhusu chakula chao. Halikudhani tu kwamba kila mtu ana simu. Liligawa simu ndogo za kawaida, likaweka pahali pa kuzichaji kwa nguvu ya jua, na waliojibu walipata inite kidogo. Mtu aliyepiga simu aliongea lugha ambayo watu wanaielewa. Na familia zilipigiwa tena duru baada ya duru, kwa hiyo shirika liliweza kuona hali inavyobadilika. Kasoro zilikuwepo: simu inauzwa, inaibiwa, inachukuliwa na mume. Hata hivyo wazo lilikuwa sahihi: kama mtu hafikiki, tengeneza njia ya kumfikia, usimfute.

Leo kazi hiyo ni ngumu mara kumi. Tangu M23 iingie Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na kambi za pembezoni zivunjwe mwezi wa pili huku watu wakiambiwa warudi makwao, familia zimetawanyika. Wengine wako Sake na Masisi kwenye mashamba yaliyojaa majani. Wengine Rutshuru. Wengine wamebaki mjini, familia mbili tatu katika chumba kimoja, katika nyumba ambayo anketeri anapita mbele yake akidhani ni ya wenyeji. Mama aliyekuwa Bulengo bloki fulani hana tena bloki. Alichobaki nacho ni namba ya simu, na pengine namba yenyewe ilikuwa ya shemeji.

Kwa hiyo mashirika mengi sasa yanategemea simu. Yanapiga mara moja. Simu imezimwa kwa sababu chaji imeisha. Au iko kwa mtoto. Au réseau hakuna siku hiyo kijijini. Mfumo unaandika "hakujibu" na kwenda namba inayofuata. Yeyote aliyekaa siku moja katika vilima vya Masisi anajua kwamba simu iliyozimwa saa nne inaweza kuwa hewani saa moja ya jioni, mtu akipanda juu kidogo ya shamba. Kupiga mara tatu, saa tofauti, siku tofauti, mojawapo ikiwa siku isiyo ya soko, halihitaji shahada ya chuo kikuu.

Kuna sababu nyingine ya watu kutopokea, na mashirika yanaipuuza. Namba isiyojulikana inatisha. Katika mji huu mtu akipigiwa na sauti asiyoijua, ikimuuliza anaishi wapi, ana watoto wangapi, nani analala nyumbani, anafikiri mara mbili. Na ana haki. Tena kuna wezi wanaojiita wafanyakazi wa shirika, wanaomwambia mama kwamba amechaguliwa kupata dolari, atume kwanza namba ya siri ya akaunti yake ya simu. Tangu benki zifunge, pesa ya wengi inapita kwenye simu, na mwizi analijua hilo. Shirika linalotaka kujibiwa linapaswa kutangaza mapema, redioni na kwa mashefu, namba litakayotumia, siku za kupiga, na maneno ambayo halitasema kamwe: kwamba halitauliza namba ya siri, wala halitaomba hata faranga moja. Ujumbe mfupi wa Kiswahili ukitangulia siku moja kabla, mtu ataipokea simu kwa moyo mwepesi zaidi.

Kurudi si kusumbua, ingawa mstari kati ya hayo mawili ni mwembamba na Kivu ya Kaskazini imeshauvuka. Wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 mwezi wa nane 2018 hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu waliokuwa wamegusana na mgonjwa walipaswa kutembelewa kila siku kwa siku 21. Kitabibu hesabu hiyo haikuwa na mjadala, na ugonjwa uliua watu 2.287. Lakini mahali ambapo timu ziliingia na magari mengi na askari, watu walikimbia au walifunga mlango. Mahali ambapo aliyekuja kila asubuhi alikuwa mtu wa kartie ileile, anayejulikana mama yake, mlango ulifunguka. Siku 21 zilezile, maswali yaleyale.

Kipindi hichohicho, mwezi wa tisa 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 huko Beni na Butembo. Zaidi kidogo ya robo walisema hawaamini kwamba Ebola ipo. Namba hiyo ilishtua wakubwa wengi, na ilisaidia kueleza kwa nini matangazo peke yake hayatoshi. Hao walisema usoni mwa mtu aliyewauliza. Ni rahisi kukisia kwamba kati ya wale ambao hawafungui mlango kabisa, shaka ni kubwa zaidi.

Ndiyo sababu mipaka lazima iwekwe. Mtu aliyesema "sitaki" asirudiwe, amejibu. Anayerudiwa ni yule ambaye hakupatikana, au aliyesema "njoo jioni". Mara tatu inatosha, mara nne kama kuna sababu. Na shefu asitumwe kwenda kuwasukuma watu wajibu, maana mtu akimwogopa shefu atasema kile anachodhani shefu anataka kusikia. Kazi ya shefu iishe kwenye kuonyesha njia.

Wakuu wa miradi wana jibu lao, na si la kubeza. Wanasema pesa ni kidogo na zimepungua, mafuta ni ghali, usalama hauruhusu magari kubaki nje jioni, mfadhili anataka ripoti kabla ya mwisho wa mwezi. Anketeri naye analipwa kwa siku, na mara nyingi anapimwa kwa idadi ya fomu alizojaza. Mlango uliofungwa kwake ni hasara, basi anahamia kwa jirani aliyeko. Yote ni kweli. Lakini hesabu ile ya 1946 inajibu sehemu kubwa: chagua familia chache zaidi na uzitafute kwa bidii zaidi. Familia 60 zilizotafutwa mpaka zikapatikana karibu zote zinasema ukweli kuliko 200 ambazo nusu yake zilifutwa. Kuhusu jioni, anketeri anayekaa Mugunga hahitaji gari la kumrudisha Himbi. Atapita jioni kwa miguu na kuwa nyumbani kabla ya giza. Na alipwe kwa kurudi: fomu moja iliyopatikana mara ya tatu imemgharimu kuliko tatu za asubuhi. Leo analipwa ili akimbie.

Kuna pia uchovu. Familia zimeulizwa idadi ya milo tangu 2012, tangu 2021 baada ya Nyiragongo kulipuka, tangu 2022, tena na tena, na watu wawili wa mashirika mawili wanauliza jambo lilelile ndani ya wiki moja. Mtu anachoka kueleza njaa yake kwa tableti. Hapa mawaidha juu ya umuhimu wa takwimu hayafai kitu. Kinachofaa ni matokeo kurudi mahali yalipotoka. Anketi imekwisha, zitengwe dakika kumi redioni, kwa Kiswahili na Kinyarwanda na Kihunde na Kinande: tuliuliza familia hizi, tulikosa hizi, majibu ni haya, tumeamua hivi, na hiki hatukuweza. Hata kama habari ni mbaya. Ripoti nyingi juu ya Goma zinaweza kusomwa Geneva siku zilipotoka, na mama wa Lushagala asijue kamwe kwamba jibu lake lilikuwa ndani. Halafu duru ijayo watu wanashangaa kwa nini haamki kwenye kiti anapoitwa.

Kwa familia zenyewe, haki zipo hata kabla mashirika hayajabadilika. Anketeri akija, aulizwe jina lake, shirika lake, kama ni anketi au ni liste, majibu yatawekwa wapi na nani atayaona. Asiyetaka swali fulani aliruke. Fomu nzuri zina nafasi ya hilo. Na yeyote anayetoka alfajiri aachie jirani maneno mawili: saa anayorudi, na namba inayopatikana jioni. Anketeri naye, akikuta mlango umefungwa kwa kamba, aache karatasi ndogo chini ya kamba hiyohiyo, yenye jina lake na siku atakayopita tena. Akishaiandika, itabidi arudi, maana bloki nzima itakuwa imeisoma.